Mashahidi wa Kitu Kidogo: Mkemia, Sonara na Mlaji wa Ndagala

Mwaka 1994 jarida moja la sayansi ya mazingira linalotoka Ulaya lilichapisha vipimo vya samaki wa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi. Vilivyopimwa ni vitu vinane: shaba, zinki, manganizi, chuma, risasi, kadimi, zebaki na aseniki. Jina la kwanza katika orodha ya waandishi ni la Mrundi, Sindayigaya. La mwisho ni la Hendrik Deelstra, Mbelgiji aliyewahi kufundisha kemia Bujumbura kabla ya kuendelea na kazi yake Antwerpen. Mwaka mmoja nyuma, Benemariya, akishirikiana na Robberecht na huyo huyo Deelstra, alikuwa ameandika juu ya shaba, zinki na seleni katika chakula cha kila siku cha makundi mbalimbali ya watu wa Burundi, na tena juu ya maziwa na viungo vya ng'ombe na mbuzi wa nchi hiyo. Ukizisoma makala hizi pamoja unaona sura ya kazi ya maisha. Watu wanakishika chakula cha nchi moja, wanakikausha, wanakisaga, wanakiyeyusha katika asidi, kisha wanakiuliza swali moja: ndani yako mna nini, na kiasi gani?

Swali hilo halikuzaliwa maabara. Mfugaji wa Maziwa Makuu amekuwa akiuliza hivyo juu ya malisho na chumvi, na sonara juu ya dhahabu aliyoletewa na mgeni. Nikiziweka mila hizi tatu bega kwa bega, sioni kwamba moja ina elimu na nyingine zinabahatisha. Naona kwamba kila moja imemchagua shahidi wake. Mfugaji na mlaji humwita mwili. Sonara huita kitu kingine kinachojulikana, akalinganisha. Mkemia humwita mtu asiyemjua, aliye mbali, anayeweza kurudia kazi ile ile na kupata jibu lile lile. Kila shahidi huona asichokiona mwenzake, na ubora wa mkemia unategemea ni mashahidi wangapi anaokubali kuwasikiliza.

Mkono usioaminika

Elementi hizi ni za kiasi kidogo kweli kweli. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 hivi za seleni kwa siku. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo gramu moja ya seleni ingemtosha mtu mmoja kwa karibu miaka 50. Akizidisha mpaka kupita mikrogramu 400 kwa siku, amevuka mpaka uliowekwa na wataalamu wa lishe, na nywele na kucha zake zinaweza kuanza kuharibika. Kati ya upungufu na sumu pana nafasi nyembamba, na humo ndimo mkemia wa elementi hizi anamofanyia kazi.

Taabu yake ya kwanza ni mkono wake mwenyewe. Jasho la kidole lina zinki, na glavu za mpira nazo zina zinki. Kisu kizuri kisichoshika kutu huacha kromu na nikeli kwenye nyama. Kwa hiyo kabla ya kumwamini samaki, mkemia hupima patupu. Anachukua chombo kisicho na kitu, anakitilia asidi ile ile, anakichemsha kwa muda ule ule, anakipitisha kwenye mashine ile ile. Kitakachoonekana humo ni uchafu wake yeye na wa vyombo vyake, naye huutoa kwenye hesabu. Ni kazi chache zinazomtaka mtu aanze kila siku kwa kupima kosa lake kabla ya kupima kitu cha mwenzake.

Mmarekani Clair Patterson alilijua hilo kwa gharama kubwa. Alipokuwa akitafuta umri wa dunia kwa kutumia risasi iliyomo ndani ya vimondo, vipimo vyake viliharibika kwa risasi iliyokuwa hewani, kwenye maji, kwenye vyombo na kwenye nguo. Ilimlazimu ajenge maabara safi kuliko zote za wakati wake. Mwaka 1956 alitoa jibu la miaka bilioni 4.55, linalosimama mpaka leo. Lakini usafi ule ulimfunulia jambo lingine: risasi aliyoihesabu kuwa uchafu wa maabara ilikuwa uchafu wa dunia nzima, ikitoka hasa kwenye petroli. Akatumia miaka mingi iliyofuata kuipiga vita.

Hata mwenye mkono safi bado anahitaji mtu wa kumthibitisha. Katika miaka ya 1960 Mwingereza H. J. M. Bowen alipanda kabeji ya majani, ile jamii ya sukuma wiki, akaikausha, akaisaga ikawa unga wa aina moja, akaugawa kwa maabara nyingi. Unga ni mmoja, lakini majibu ya maabara yalitofautiana kwa kiasi cha kuaibisha. Tangu hapo ikawa desturi kwamba pamoja na sampuli yako upime pia unga ambao kiasi chake kimekwisha kukubaliwa na wengi. Ukiukosea unga huo, hakuna atakayesikiliza habari za samaki wako.

Mwili kama shahidi

Mwaka 1860 Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waligundua elementi ya sesiamu kwenye maji ya chemchemi ya Dürkheim, Ujerumani. Ili wapate chumvi yake gramu chache tu, Bunsen alikausha zaidi ya tani 40 za maji hayo. Karne nyingi kabla yake, Uvinza, mashariki ya Ziwa Tanganyika karibu na mto Malagarasi, watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi ndani ya vyungu. John Sutton na Andrew Roberts walichimba huko mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuonyesha kwamba kazi hiyo ina umri wa miaka ipatayo 1,500. Chumvi ya Uvinza ilisafiri kuzunguka ziwa na kupanda milimani, ikawa bidhaa ya kubadilishana na hata kipimo cha thamani.

Kitendo ni kimoja: kuondoa maji ili kilichojificha kibaki. Lakini Bunsen alikiangalia kilichobaki kupitia mwali wa moto na kipande cha kioo, akitafuta mstari wa rangi asioujua. Mchemshaji wa Uvinza alikitia ulimini, na mteja wake akakitia chunguni. Mmoja alitaka jina jipya, mwingine alitaka kitu ambacho mwili unakidai. Wote wawili walikuwa na njia ya kujua kwamba wamekipata.

Ushahidi wa mwili usidharauliwe. Katika Kenya ya kikoloni walowezi wa Bonde la Ufa walisumbuliwa na ugonjwa uliokondesha mifugo yao katikati ya nyasi tele, ugonjwa uliopewa jina la mji wa Nakuru. Kilichopungua kwenye udongo kilikuja kujulikana kuwa kobalti. Wafugaji wa kuhama hawakuwa na jina la kobalti, ila walijua kwamba nyasi hazilingani, kwamba kuna malisho ya kupita na kuna malisho ya kukaa, na kwamba pana mahali ng'ombe lazima wapelekwe wakalambe ardhi. Mlowezi aliyezungusha seng'enge aliwafungia ng'ombe wake ndani ya upungufu ule ule ambao mwenzake aliukimbia kwa miguu.

Wanasayansi wenyewe walipitia njia ndefu. Huko Australia mifugo yenye ugonjwa wa namna hiyo ilipona ilipolishwa jiwe la chuma liitwalo limonaiti, na kila mtu akasema dawa ni chuma. Mwaka 1935 Eric Underwood na John Filmer walikiondoa chuma chenyewe, wakawalisha wanyama masalia. Wanyama wakapona vilevile. Dawa ilikuwa kobalti kidogo iliyojificha ndani ya jiwe kama uchafu. Mwili wa mnyama ulikuwa umesema kweli tangu mwanzo, ila wasikilizaji walimtaja mtu mwingine.

Lakini shahidi huyu naye ana upofu wake. Chumvi fulani za risasi ni tamu, na Warumi wa kale walizidisha utamu wa divai kwa sharubati iliyochemshwa ndani ya masufuria ya risasi. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, samaki hawakubadilika ladha. Wavuvi na familia zao waliendelea kula walichokuwa wakila baba zao, na ulimi haukuwaonya. Mwili hutoa ushahidi wa kadimi, risasi na zebaki baada ya miaka, na mara nyingi hukumu imekwisha kutolewa juu yake.

Mahali ambapo mashahidi wawili hawa huvutana hadharani ni udongo wa kula, ule unaouzwa katika masoko mengi ya Afrika Mashariki na Kati na kupendwa na wajawazito. Mlaji anasema unatuliza tumbo na kichefuchefu, na hadanganyi, maana udongo laini hufunika utando wa tumbo. Mkemia anasema sampuli nyingi za udongo huo zina risasi na aseniki, naye hadanganyi. Mwaka 1961 Ananda Prasad na wenzake waliandika habari za vijana wa vijijini karibu na Shiraz, Irani, waliodumaa hata kijana wa miaka 21 akaonekana mtoto wa miaka 10. Chakula chao kilikuwa mkate wa ngano, karibu bila nyama, na baadhi yao walikula udongo. Kutokana na habari hizo, na kazi iliyofuata Misri, dunia ilikubali kwamba zinki ni lazima kwa mwanadamu. Udongo unaweza kuishika zinki tumboni isifike kwenye damu. Hapo ndipo unapoona kwamba kujua kilichomo ndani ya kitu hakutoshi. Kitu hicho kinaweza pia kuondoka na ulichokuwa nacho.

Jiwe la sonara

Sonara hasubiri mwili wala hahitaji kuchemsha chochote. Anaikwaruza dhahabu ya mgeni juu ya jiwe jeusi, kando yake anakwaruza sindano ya dhahabu ambayo kiasi chake anakijua, anadondosha asidi, anaangalia ni mstari upi unaofifia kwanza. Hukumu yake yote imo ndani ya ile sindano. Mila hii imepita Bahari ya Hindi na Ghuba kwa karne nyingi, na kilele chake cha kitabu ni kazi ya mwanazuoni al-Khazini aliyeandika huko Marw, Asia ya Kati, mnamo mwaka 1121, juu ya mizani ya hekima: chombo kilichopima kitu hewani na majini, kikafichua fedha iliyochanganywa ndani ya dhahabu bila kuivunja pete. Sokoni, mila hiyo ilikuwa na mlinzi wake, yaani muhtasibu, aliyepita akikagua mizani, mawe ya kupimia na vyakula vilivyoghushiwa.

Unga wa Bowen ni sindano ya sonara iliyokua. Kanuni haijabadilika: usiyemjua mpime pamoja na unayemjua. Kilichobadilika ni nani anaishika sindano. Sonara anaificha sandukuni kwake, na mteja hana budi kumwamini. Maabara huiuza kwa yeyote ili yeyote aweze kumkosoa mwenye maabara. Kwa sababu hiyo namwita shahidi wa mkemia mgeni wa mbali.

Swali la nani anaishika sindano si jambo la kale. Milima ya Gakara, karibu na Bujumbura, ina madini adimu ya ardhini yanayotumika katika sumaku za kisasa. Wabelgiji waliyachimba zamani, na mwaka 2017 usafirishaji ulianza tena. Mwaka 2021 serikali ya Burundi ilisimamisha kazi hiyo ikisema nchi haipati haki yake. Mtu anaweza kubishana juu ya siasa ya uamuzi ule, lakini kiini chake ni cha sonara. Mwenye mlima asipoweza kupima mwenyewe kilichomo ndani ya gunia, bei itapangwa na mwenye sindano. Nchi yenye jiwe bila mkemia inauza kwa kukadiria.

Ndagala mezani

Turudi ziwani, maana hapo mila tatu zinakutana juu ya samaki mdogo. Ndagala wa Bujumbura ndiye dagaa wa Kigoma, kama vile mukeke wa Burundi alivyo mgebuka wa ng'ambo ya pili. Kwa desturi ndagala humwagwa ufukweni na kukaushwa juu ya mchanga, ingawa kwa miaka mingi sasa wavuvi wengine wa Burundi wamehamia kwenye vichanja vya waya vilivyoinuliwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini, njia iliyohimizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Mchanga una chuma, una manganizi, una kila kitu. Sasa mkemia amenunua ndagala sokoni. Je, awaoshe kabla ya kupima?

Akiwaosha kwa maji safi ya maabara, atapata jibu juu ya samaki kama ziwa lilivyomuumba. Asipowaosha, atapata jibu juu ya samaki na ufukwe pamoja. Lakini hakuna jibu kati ya hayo mawili linalomhusu mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, anayekula chakula cha jioni, kwa sababu mama yake amewapepeta, amewaosha kwa maji ya bomba mara kadhaa mpaka mchanga utuame chini ya beseni, akawakaanga kwa mawese na nyanya. Swali la maabara, kuosha au kutoosha, linajibiwa na mama jikoni. Huyo ndiye anayejua sampuli sahihi ni ipi.

Tena ndagala huliwa mzima. Kichwa, mifupa na matumbo yote huingia, na humo ndimo kalisi na sehemu kubwa ya zinki zilimo. Mukeke mkubwa huliwa mnofu, na mifupa huachwa kwenye sahani. Kwa zebaki mambo hugeuka: hupanda kutoka samaki mdogo kwenda kwa mkubwa anayemla, ikijilimbikiza kila ngazi. Kwa hiyo samaki anayeheshimika zaidi mezani siye lazima aliye bora kwa mlaji. Mkemia anayepima minofu tu, kwa kuwa vitabu vya Ulaya vimezoea minofu, atamdhulumu ndagala na mlaji wake.

Nadhani hili ndilo lililokuwa zuri katika makala zile za miaka ya 1990. Watafiti hawakuishia kwa samaki. Walipima mlo wa siku nzima, wakapima maziwa na viungo vya mifugo, na mwaka 1995 wakachapisha vipimo vya maziwa ya akina mama wa Burundi katika miezi 10 ya kwanza ya kunyonyesha. Yaani waliondoka kwenye chakula wakarudi kwa shahidi wa zamani, mwili. Walikuwa na sababu. Mlo wa Burundi ni maharage, mihogo, viazi vitamu, ndizi na mahindi. Maharage yana zinki, lakini yana pia fitati, kitu kinachoishika zinki isifyonzwe. Mashine inayopima zinki yote ya kwenye sahani inasema kweli juu ya sahani. Juu ya mtoto haijasema bado.

Hatari ya kusikiliza namba moja peke yake ilionekana kaskazini mwa Zaire ya wakati huo. Katika eneo la Ubangi watu walipungukiwa na madini joto, yaani ayodini, na pia walipungukiwa na seleni. Mtu angesema: tuwape seleni, nani asiyetaka kujaza pengo? Mwaka 1991 Contempré na wenzake waliripoti kwamba seleni ilipotolewa peke yake kwa watu waliopungukiwa ayodini, hali ya homoni za tezi la shingo ilizidi kuwa mbaya kwa baadhi yao. Upungufu wa pili ulikuwa umewakinga kiasi na ule wa kwanza. Kipimo kilikuwa sahihi na tiba ilitoka kwenye kipimo, ila mwili ulikuwa na mahesabu mengine. Linganisha na China, ambako vidonge vya seleni vilivyojaribiwa katika miaka ya 1970 viliwakinga watoto na ugonjwa wa moyo uitwao Keshan. Elementi ni ile ile na upungufu ni ule ule, lakini majirani zake ndani ya mwili ni wengine, na tokeo likawa kinyume.

Namba na mwenyewe

Kazi ya maisha ya mkemia wa aina hii ina jambo moja lisilo sawa, na wenzangu wa Bujumbura wanalijua. Ndagala husafiri, mtafiti husafiri, lakini mashine hukaa Ulaya, na namba nayo hukaa huko, kwa Kiingereza, ndani ya jarida. Aliyewahi kujaribu kuweka mashine kama hizo katika miji yetu anajua sababu zake: umeme unaokatika, gesi safi inayoagizwa nje, taa maalumu inayoungua ikasubiriwa miezi. Hata hivyo si kila kitu kinahitaji mashine ya Ulaya. Kuchagua samaki gani apimwe, aoshwe vipi, aliwe na nani, ni nusu ya sayansi hii, na nusu hiyo ipo Burundi tayari.

Mji wa Bujumbura wenyewe unazidi kuidai sayansi hii. Mito ya Ntahangwa na Muha hupita katikati ya watu na kumwaga ziwani. Ziwa linapakana na nchi nne na lina kina cha mita 1,470, na maji yake hubadilika polepole kwa kipimo cha karne, kwa hiyo kitakachoingia leo hakitatoka katika umri wa wajukuu. Mkataba wa kulitunza ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Mkataba bila vipimo ni nia njema. Vipimo bila sampuli sahihi ni namba za mtu mwingine.

Kwa kulinganisha mila hizi, mkemia ninayemtafuta Bujumbura ni yule atakayempa kila shahidi nafasi yake. Kwanza amsikilize mlaji, ili ajue nini kinastahili kupimwa na kwa namna gani. Kisha awe sonara mwenye sindano ya wazi, ambayo mtu wa Antwerpen au Dar es Salaam anaweza kuishika na kumkosoa. Mwisho arudi kwa mlaji na jibu, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, akiwa na maneno yanayofaa beseni la kuoshea samaki: ndagala huyu usimtupe kichwa, samaki yule mkubwa usimpe mjamzito kila siku, udongo huu uache. Makala za miaka ya 1990 zilizitenda hatua mbili za kwanza kwa heshima. Ya tatu inahitaji mtu anayejua kemia na anayejua soko, na mtu huyo hawezi kuagizwa nje kama gesi.